Kioo cha Yai Kwenye Bafu Lisilo na Mlango

Nilikosa. Nasema mapema kabisa, maana najijua: nikianza kwa kujieleza, nitafika mwisho wa karatasi nikiwa mtu mwema! Mhariri, jina langu lifiche. Hapa Handeni kila mtu anajua ni mimi, lakini Tanga na Dar es Salaam bado hawajui, niachie hizo sehemu mbili za kutembea nimeinua kichwa.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye kioo. Kioo cha bafuni! Cheka tu ndugu yangu, kila mtu alicheka. Mimi peke yangu ndiye niliyelia.

Mimi ni mtoto wa manamba. Baba alikuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini karibu na Korogwe, nikajifunza uashi kwa kukarabati nyumba za mameneja wa shamba. Humo ndimo nilimoona bafu la kweli: sinki jeupe, mabomba mawili, na juu ya sinki kioo kirefu chenye umbo la yai, kimezungushiwa mbao iliyong'arishwa. Nilikuwa nikiachwa peke yangu mle ndani kupaka chokaa, najitazama mzima mzima na ndevu zangu tatu, nasema, siku moja na mimi!

Basi nikaoa. Mke wangu nitamwita Mwajabu, binti wa Kizigua kutoka Mazingara. Wakwe walinikubali shingo upande. Walinisalimia vizuri, wakanikaribisha vizuri, lakini nilisikia walivyokuwa wakisema: mtoto wa kambini huyu, ukoo wake nani anaujua? Neno hilo lilinikaa kooni miaka.

Tulipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa nikapewa kiwanja kwenye mstari kama wenzangu. Nikasema, sasa watanijua. Wenzangu wote walikuwa wanaoga kwenye vibanda vya mabua, mimi nikajenga bafu la matofali ya kuchoma. La duara, halina paa, halina mlango. Unaingia kwenye kijinjia chembamba, mbele yako kuna ukuta, unapinda, umefika. Kona ndiyo mlango. Aliye ndani anatundika kanga yake juu ya ukuta, na anayekuja akiiona kanga anageuza njia. Adabu tupu, wala hakuna bawaba ya kushika kutu.

Bafu hilo lilikuwa limekamilika. Balozi wetu wa nyumba kumi alilizunguka mara tatu, akasema hili ni bafu la maendeleo. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini wapi! Mimi nikaona linapungukiwa kioo.

Wakati huo Mwajabu alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake alikuwa aje akae naye zile siku arobaini. Mama mkwe! Kwa watu wa mke wangu, mkwe si mtu wa kuchezea. Ukikutana naye njiani unaingia majanini umpishe. Mnasalimiana kila mtu akitazama upande wake. Kijiko hampokezani mkono kwa mkono. Na mimi, mjinga wa wajinga, nilitaka mtu huyo akaoge aone kwamba binti yake hakuolewa na takataka ya kambini.

Nikaenda Korogwe. Nyuma ya soko kulikuwa na mzee mmoja aliyeuza vitu vilivyoachwa na Wazungu wa mashamba waliorudi kwao. Alikuwa na vioo vitatu. Cha kwanza kidogo, cha mraba, kina ukingo wa bati, kile cha kunyolea ndevu. Cha pili cha duara, kinasimama kwa waya. Cha tatu, ewe Mola, kirefu, cha yai, na mbao yake ile ile ya kung'aa! Nilikisogelea.

"Bafu lako likoje?" mzee akaniuliza.

"La duara, mzee wangu. Na duara na yai ni ndugu, si unaona? Kitakaa sawasawa."

"Ukuta wa duara na kioo kirefu? Kitabandikwaje? Kitabaki kinaning'inia kama mlevi. Hilo bafu lina mlango?"

"Mlango wa nini? Lina kona."

Akavua miwani. "Basi mwanangu chukua hiki kidogo cha mraba. Kinakaa popote, kinakuonyesha shavu, basi. Hiki kirefu kinataka chumba cha pembe nne chenye mlango na komeo."

Nilikasirika jamani! Nikamwambia mimi ni fundi, mabafu nimeyajenga yeye akiwa anauza vitasa. Nikanunua kile kirefu, nikakifunga kwenye blanketi, nikapanda basi la Handeni nimekipakata. Blanketi likateleza, jogoo wa abiria mmoja akaona jogoo mwenzake mle ndani, vita vikaanza, manyoya mpaka kwa dereva. Hata jogoo alinionya. Sikusikia.

Nyumbani Mwajabu alikitazama, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Hiki kikubwa mno. Kirudishe, leta kidogo, ukitundike pembeni huko ndani."

"Wewe umeshawahi kujenga bafu?" nikamjibu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu kwa mke mjamzito.

Yule mzee alisema kweli. Kwenye ukuta wa duara kioo kilikataa katakata, kilicheza huku na huku. Ukuta ulionyooka ulikuwa mmoja tu: ule unaoukuta mbele yako ukiingia, pale pa kupinda. Nikakibandika pale. Na kwa kuwa nilitaka kishike mwanga, nikakichomekea kabari upande mmoja kikainama kidogo kutazama ndani.

Umeelewa nilichofanya? Ule ukuta uliokuwa unazuia macho ya nje, nimeugeuza dirisha! Fundi mzima! Nilisimama ndani nikajiona kuanzia kichwani hadi magotini, nikafurahi, nikatoka. Sikwenda hata siku moja kutazama nikiwa barazani. Kwa nini nitazame? Fundi hajikagui.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima wa afya. Mama mkwe akaja. Siku ya tatu tangu mtoto azaliwe, saa kumi alasiri, nilikuwa nimekaa barazani na Balozi na wenzake wawili wa kamati ya shamba. Tunakunywa uji, Balozi anatueleza kuhusu palizi ya pamba ya kijiji, nani ametoroka zamu na nani anajifanya ana mgongo. Kanga ya mama mkwe ilikuwa juu ya ukuta wa bafu. Sisi watu wenye adabu, tuliiona, tukageuza nyuso zetu upande wa kijinjia.

Upande wa kijinjia!

Balozi alikuwa anainua kikombe. Kikabaki hewani. Na mimi nikafuata macho yake.

Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba kioo cha kunyolea kingeonyesha sikio moja, au pengine kiwiko. Kioo cha yai hakina haya, kinaanza kichwani na hakichoki. Na kioo ndugu yangu kinafanya kazi pande zote mbili. Mama mkwe alikuwa anajifuta uso, akainua macho, akaona wanaume wanne wamekaa mstari mmoja na vikombe vyao vya uji, wa pili kutoka kulia ni mkwewe.

"Yalaaa! Mkwe!"

Kata ilianguka, ndoo ikaanguka, Balozi akaanguka na kigoda chake. Mimi nilikimbilia kwenye mihogo nikalala kifudifudi. Kwa nini nilikimbia sijui. Nilikuwa nyumbani kwangu!

Hadi hapo, sikiliza vizuri, hadi hapo nilikuwa mjinga tu. Ujinga unasameheka. Kesho yake mjomba wa Mwajabu alikuja kutoka Mazingara, na kwa watu wale mjomba ndiye mwenye neno. Wakakaa barazani yeye, Balozi na wale wawili. Mama mkwe alikuwa ndani nyuma ya mlango, Mwajabu amekaa mkekani na mtoto mchanga kifuani.

Mjomba hakufoka. Aliuliza swali moja tu, kwa upole. "Kioo hiki kikubwa namna hii, na kuwekwa pale, ni chaguo la nani?"

Nikaona midomo ya Balozi inatetemeka, anazuia kicheko. Nikaona kesho yake kijiji kizima kinanicheka. Nikasikia lile neno la mtoto wa kambini linarudi. Nami nikafungua huu mdomo wangu, heri ungekauka:

"Mwajabu ndiye aliyetaka kikubwa. Alinisumbua sana. Mimi nilitaka kile kidogo cha mraba."

Mungu wangu! Mwanamke ana siku nne tangu ajifungue! Nilimtupia!

Mwajabu alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena, kama anataka kuhakikisha ni mimi. Halafu akainuka taratibu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshafunga mzigo wake. Siku arobaini zake akazimalizia Mazingara. Na zilipokwisha hakurudi.

Nikabaki na bafu. Nilikigeuza kile kioo kikatazama ukuta, lakini kijiji hakikugeuka. Wanawake wakipalilia pamba ya kijiji walinitungia wimbo: "Kioo cha yai, mkwe kakimbia, chaguo la mke, fundi mbio mihogoni!" Na mimi nipo mstari wa pili, na jembe langu, nalima kwa mdundo wa aibu yangu mwenyewe. Wimbo ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Nikajikuta siku moja naitikia!

Mchana nilicheka nao. Lakini nikirudi nyumbani nikakuta jiko lina majivu baridi, nilikaa pale nikalia. Mwanangu alikuwa anaota meno Mazingara, sikuyaona. Alikuwa anakaa, anatambaa, naletewa habari na wapita njia. Nilikuwa namtamani Mwajabu hata anigombeze.

Msimu mzima ukapita. Nikashindwa, nikaenda kwa miguu hadi Mazingara. Mjomba akanikalisha uani. Mama mkwe alikuwa ndani, hatuonani, mjomba katikati anapokea maneno, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

Nikasema, "Shikamoo mama. Kioo nilikichagua mimi. Mwajabu alinikataza. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kuchekwa."

Sauti yake ikatoka ndani, kavu.

"Kaka, mwambie huyo mwanaume. Kuniona, aliniona. Na mimi nilimwona alivyokimbia, kwa hilo hatudaiani. Lakini mwanangu alimsingizia mbele ya watu, damu ya uzazi haijakauka. Yale aliyoyasemea barazani asije kuyafutia uani kwangu. Aende akayafute kule kule."

Kwa hiyo nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, ndugu zangu. Balozi akanipa nafasi baada ya habari za mbolea. Nikasema yote, mbele ya wale wanawake wa wimbo: nilichagua mimi, nikabandika mimi, nikamsingizia mke wangu. Nilitegemea kicheko. Hakucheka mtu hata mmoja, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya.

Mwajabu alirudi baada ya mavuno. Mtoto alipoletwa kwangu alipiga kelele akajificha kwenye kanga ya mama yake. Alinizoea baada ya wiki nyingi na miwa mingi. Sasa yuko darasa la pili.

Ila kuna kitu hakikurudi. Nikisema jambo lolote mbele ya watu, hata kwamba jana mvua ilinyesha, watu wanamgeukia Mwajabu kwanza kumtazama usoni, ndipo waniitikie. Balozi anafanya hivyo. Mjomba anafanya hivyo. Juzi hata binti yangu alifanya hivyo, nikatoka nje.

Nawaonya basi, hasa ninyi vijana mnaojenga. Bafu la kona bila mlango, weka kioo kidogo cha mraba, kikae ndani kabisa, kikuonyeshe shavu. Ukitaka cha yai jenga chumba cha pembe nne, tia mlango, tia komeo, halafu toka nje ukakae barazani ukague. Na ukikosea sema ni wewe, pale pale, wacha wakucheke! Kicheko kinachosha watu mapema. Mimi nilikikwepa cha siku moja, nikapata cha msimu mzima, na nikampoteza aliyeniamini bila kuuliza.

Barua hii sikuipeleka posta hivi hivi. Mwajabu alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, sasa anasoma kunipita. Nimempa aikague. Ameisoma yote, kidole kwenye mstari, hakutabasamu hata pale pa jogoo. Akanirudishia, akasema, "Umeandika nilikukataza mara moja. Nilikukataza mara mbili. Mara ya pili ulikuwa juu ya kigoda unapiga misumari, ukajifanya husikii."

Ni kweli. Nilisikia. Ilikuwa mara mbili.