Vidonge Vinne vya Gervasi

Gervasi, mkwezi wa michikichi kule Simbo, aliingia duka la dawa la Recho pale Gungu akichechemea, dumu la mawese mkononi. Shoka lilimponyoka akikata mkungu, likamchana juu ya kifundo cha mguu, na kidonda kilishaanza kutoa usaha.

"Mwakeye, mama," alimsalimu kwa Kiha. "Nipe vile vya rangi mbili, vinne. Nakupimia nusu dumu."

"Dozi ni ya siku saba, baba. Vinne ni vya kuonja?"

"Ukitaka dumu zima, niongezee na mguu mpya."

Recho alicheka. Alijua vinne havitoshi. Alijua pia ng'ambo ya barabara kuna duka lingine, na mawese yale yalikuwa mekundu, hayajatiwa maji. Akakata vinne, akavifunga kwenye karatasi.

Usaha ukakauka, Gervasi akapanda tena. Mwezi haujaisha, kidonda kikafumuka. Akaja na mawese, akapewa sita. Kikafunga, kikafumuka. Mwaka mzima wakapatana hivyo, kila mmoja akijiona kamzidi mwenzake ujanja. Mwishowe Recho akampa dozi kamili, kisha dawa kali kuliko ile. Wapi! Mguu ukavimba hadi ukang'aa.

Hospitali waliuchukua usaha, wakaotesha bakteria wake maabara kuona dawa ipi itawaua. Recho, aliyemsindikiza, akataka kujua.

"Bakteria wakizaana wananakili jeni zao," mtaalamu alimwambia, "na katika kunakili kuna kukosea. Mmoja akikosea ikatokea dawa haimshiki, dozi nusu inamuulia wenzake na kumwachia uwanja. Kizazi chake chote kinarithi kosa lile. Hapa tumejaribu dawa saba, zote hazifui dafu."

"Hata ile ya sindano?"

"Hiyo ndiyo ya saba, dada."

Wakamkata chini ya goti. Mwenye shamba akampa Dismasi, mkwezi mwingine, michikichi yote, na Gervasi sasa anakaa na wanawake akipukuchua chikichi, kazi aliyokuwa akiicheka. Uhai anao, ila hakuna aliyemhakikishia kuwa bakteria wale waliondoka na mguu.

Recho akaacha kukata vidonge. Wiki ileile mama mmoja akamwomba vitatu vya mtoto anayekohoa. Akamjibu aende kwanza akapimwe, na wakimwandikia, ni dozi nzima au basi.

"Heee, mama Recho, umeanza kuringa!" yule mama akasema, akavuka barabara.

Recho alimwona akitoka duka la pili, amefumbata kikaratasi.