Mume Wangu Mgombea

Kule Kibati, mume wangu Onésime alionyesha diplome yake ya ualimu: "Mimi mwalimu, nipigieni kura niende bunge la Kinshasa." Kule sokoni Birere akawa muuza vitenge. Kule Lac Vert akawa mchungaji wa ng'ombe, na fimbo akaishika! Wamama wakaniuliza: "Mama Alliance, bwana yako ni nani kweli?"

Nyumbani nikamfokea. Akaapa hakudanganya hata kidogo. Na kweli, kazi zote tatu alizifanya: ng'ombe tuliwaacha Masisi tukikimbia vita, shule ya Kibati alikofundisha tukaikimbia vilevile, kibanda chetu cha vitenge cha Birere kikaungua, tukatoka na nguo za mwilini tu. Hapo ndipo nikazidi kuchanganyikiwa.

"Papa Alliance," nikamwambia, "na huko Kinshasa unakotaka kwenda, tunakimbia nini?"