Mama Mkwe Anarudi Ngungu

Mama mkwe wangu hakuipenda Kashebere hata siku moja. Alisema jua la kule linakaa karibu mno na kichwa, na muhogo wake una ladha ya maji. Vita ndivyo vilivyotutoa nyumbani kwetu Ngungu, mimi, mume wangu, watoto na yeye. Tulimwacha baba mkwe nyuma ya nyumba, mahali tulipokuwa tumemzika, chini kidogo ya shamba la maharagi.

Siku moja tukimenya mihogo, aliweka kisu chini.

"Mutanipeleka nyumbani, ao nitaenda peke yangu."

Mume wangu akamwambia barabara imefungwa, wanapigana.

"Sikusema barabara. Nimesema nyumbani."

Tulijua kwamba ataondoka kweli, na kwamba tusipofuatana naye tutakuja kumtafuta porini. Watoto tukawaacha kwa dada yangu. Tukachukua njia za wachungaji, zile zinazopita juu ya milima mbali na barabara. Mume wangu alibeba turubai, unga na panga, mimi nikabeba sufuria, maharagi na bido, dumu la maji. Mama mkwe alibeba kuku jike mwekundu, akamfunga miguu kwa uzi na kumweka kwapani. Nilimwambia atachoka.

"Muntu hawezi kuingia kwa majirani mikono mitupu kisha ya kupotea siku nyingi hivi," akasema.

Mwanzo wa safari ulikuwa msitu na matope. Yeye alitangulia. Sijui nguvu ile aliitoa wapi, maana Kashebere alikuwa akishindwa hata kwenda kisimani. Tulipoanza kupanda, msitu ukaisha, ikaja mianzi, na baridi ikaja nayo. Ndani ya ile mianzi ndimo tulimokuta kizuizi: mti uliolazwa njiani, na wanaume wenye bunduki wamekaa juu yake.

"Munatoka wapi?" mmoja akauliza.

"Kashebere," mume wangu akajibu.

"Munaenda kufanya nini?"

Mama mkwe akamjibu kabla yetu. "Ninaenda kulala kwangu."

Yule mwanaume akacheka. Alitazama mizigo yetu bila hamu, kisha akatazama miguu ya mume wangu. "Vua bote."

Mume wangu alizivua. Yule mwanaume akaweka mguu wake juu ya soli kuupima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kuzivaa.

"Mama yako anajua unavulisha watu viatu?" mama mkwe akamwuliza.

Yule mwanaume hakumtazama. Alikuwa ameinama, anavuta bote ya pili. Wakatuachia njia.

Mbele kidogo nilipasua kitenge changu, nikamfunga mume wangu miguu. Akajaribu hatua mbili, akashika njia.

Juu kwenye malisho ya ng'ombe mvua ilitunyeshea mchana kutwa. Tulifunga turubai kwenye mikaratusi miwili, moto ukakataa kuwaka. Mchungaji mmoja alituona, akatuletea maziwa ya moto ndani ya chupa. Tulikunywa kwa zamu. Mama mkwe alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana, kwa hiyo tukamlaza katikati yetu. Nilimkumbatia kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Mifupa yake ilinichoma kama kuni ndani ya gunia, na kuku naye alikuwa mle mle chini ya nguo zake.

Kisha tukafika kwenye mawe. Watu wa kule wanaijua ile milima ilivyo: majani mazuri kwa mbali, na ukiikanyaga unakuta ni mawe ya volkano, meusi, yenye matundu, makali kama chupa iliyovunjika. Mimi nilikuwa na viatu vya plastiki, nikaona jinsi vilivyokuwa vikikatika. Mume wangu alikuwa na vitambaa vyangu. Aliacha alama za damu kwenye mawe, mimi nikawa natembea nyuma yake nikiziona moja moja. Nilimwomba tupumzike. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchechemea.

Jua lilipoanza kushuka tuliona bonde dogo lenye majani mabichi, halina upepo. Tulifurahi. Mume wangu alikuwa ameshatua mzigo wakati mwanaume mmoja, amebeba majani ya mbuzi kichwani, alipotupigia kelele kutoka juu.

"Hapana kulala mule! Iko mazuku!"

Mazuku ni pumzi mbaya inayotoka ardhini. Haina moshi, na huwezi kuiona. Inatulia mabondeni kama maji, na chochote kinacholala chini humo hakiamki. Tulipanda juu kwenye upepo, tukalala vibaya.

Asubuhi kuku hakuwepo. Uzi ulikuwa umelegea. Tulimwona chini kwenye yale majani mazuri, amelala ubavu, mbawa wazi, hana jeraha. Mume wangu alitaka kushuka kumchukua. Mama mkwe akamshika shati kwa mikono yote miwili.

"Mwache!"

Kisha akakaa chini akalia. Siku tulipomzika mume wake hakulia. Tulipokimbia hakulia. Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto, kamasi zinashuka.

"Sasa nitaingia na nini?" alikuwa akisema. "Nitaingia na nini?"

Siku ile tukafika Ngungu. Kutoka mtelemkoni tuliona moshi unatoka nyumbani kwetu. Mume wangu alichukua panga mkononi. Nilimwambia alirudishe, akakataa.

Uani alikuwepo mwanamke wa umri wangu, ana mtoto mgongoni, anapepeta maharagi. Alitutazama: mama mzee, mwanaume mwenye panga na miguu ya vitambaa, na mimi. Ungo ukamponyoka.

"Ni nyinyi njo wenye nyumba?"

"Ni sisi," mume wangu akasema.

"Yetu waliichoma. Tulikuta hii haina muntu." Aliongea upesi, macho kwenye panga. "Bwana yangu iko shambani. Musimufanye kitu. Tutatoka."

Mama mkwe alimpita kama anavyopita mtu anayejua njia, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamfuata sote, hata yule mwanamke.

Kaburi lilikuwa limepaliliwa. Mtu alikuwa amelizungushia mawe. Maharagi yalikuwa yamepandwa mpaka ukingoni pa mawe, na hapo yakakoma.

"Nani analima hapa?" mama mkwe akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Unajua ni nani huyu?"

"Sijui. Niliona tu ni muntu."

Mama mkwe alikaa palepale chini. Mume wangu aliegemeza panga ukutani.

Walitupikia bugali na maharagi, wakatupakulia kwenye sahani zetu wenyewe. Nilizijua, moja niliipasua ukingo mimi mwenyewe. Tulikula kama wageni, tukashukuru kama wageni. Bwana wa yule mwanamke alimwoshea mume wangu vidonda kwa maji ya chumvi, na hawakuongea juu ya nyumba hata kidogo.

Asubuhi tulipofunga mizigo, mama mkwe hakuinuka.

"Mimi ninabaki."

"Kwa watu usiowajua, Mama?" mume wangu akasema.

"Nitawajua."

Mume wangu alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akanigeukia mimi nimsaidie. Lakini nilikuwa nikimtazama yule mwanamke.

"Dada, utamuweza?"

Alimsogeza mtoto mgongoni. "Mama yangu nilimuacha njiani," akasema.

Tukarudi wawili. Mguu wa mume wangu ulivimba, na nusu ya njia alitembea akiniegemea. Kwenye kituo cha afya walimkata kidole kimoja. Watoto waliuliza bibi yuko wapi, tukawaambia yuko kwake.

Alikaa kule mpaka maharagi yale yakavunwa. Mchuuzi mmoja anayepita milimani ndiye aliyetuletea habari kwamba amekufa, amezikwa kando ya mume wake, na waliomlilia ni wale wanaoishi nyumbani kwetu. Akasema pia bwana wa yule mwanamke anauliza kama tunataka watoke.

"Waambie walime," mume wangu akasema, akatoka nje.

Mimi nilibaki na mchuuzi. Nilitaka kujua siku za mwisho alikuwa anakula nini. Akasema alimkuta yule mwanamke akimlisha kwa kidole maharagi ya kupondwa, kwa sababu kijiko mama alikuwa anakikataa.