Ubeti Ulioingia Kwenye Mbegu

Vita vilipopita mji wetu wa Baraka mara ya pili, waporaji waling'oa kibodi ya kompyuta ya marehemu mume wangu, karani wa parokia, wakavunja na tundu la kuichomekea. Kompyuta yenyewe waliiacha. Ndani yake mlikuwa na wimbo aliokuwa akiwatungia bamama wa kwaya. Ubeti wa mwisho alitufundisha kwa mdomo tu, hakuwahi kuuandika. Nilitaka wimbo uishie ndani ya kompyuta ileile alimouanzia.

Siku moja fundi aliiunganisha kompyuta hiyo kwa waya na ile ya ofisi ya parokia iliyokuwa kando yake, akaweka programu.

"Kibodi moja na kipanya kimoja vinatumikia zote mbili," alisema. "Sukuma mushale mupaka pembeni, utaruka kwa ile ingine, na kibodi itaufuata."

Mama kiongozi wa kwaya alichungulia nyuma ya meza. "Sasa mushale iko napitia wapi?"

Bamama waliimba polepole, mimi nikaandika nikiangalia vidole vyangu tu, maana sikusoma sana. Nilipoinua macho, wimbo wa mume wangu haukuwa umeongezeka hata neno. Mshale niliusahau kwenye kompyuta ya ofisi, na ubeti wote uliingia kwenye ripoti ya mbegu za wakulima iliyokuwa wazi pale.

"Maharagi ya kijiji ya Lweba, magunia sita, Bwana ametufuta machozi," mama kiongozi alisoma. "Mwaka hii tutavuna, dada."

Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Siku hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikausukuma mshale hadi ukavuka, nikawaomba bamama waimbe tena.