Koko Resiato na Chupa ya Derick

Mimi sipendi mtu anayejisifu. Kwa hiyo siku koko Resiato alipoingia uani kwangu na kutangaza kwamba hakuna kinywa cha mtoto wala cha ndama kilichowahi kumshinda, nilimpa shikamoo yake kwa heshima zote, nikaendelea kukanyaga cherehani. Moyoni nikasema, haya mama, karibu mjini, karibu Levolosi.

Alikuwa ametoka Oldonyo Sambu, kule nyuma ya Mlima Meru kwenye vumbi na ng'ombe, na mzigo wake ulikuwa mfuko mmoja wa nguo na kibuyu cha maziwa chenye mkanda wa ngozi. Mwanawe Simel ni mpangaji wangu. Kazi yake ni upagazi, anawabebea watalii mizigo mlimani. Akipanda hatumwoni siku kadhaa, akishuka analala kama gogo. Mkewe, Naisula, yuko kwenye shamba la maua Usa River, anachambua mawaridi ndani ya chumba cha baridi. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakaribia kwisha, na mtoto wao, Derick, hakuwa anajua chakula kingine duniani isipokuwa titi la mama yake. Ndiyo maana bibi aliitwa. Koko ndiyo bibi kwa Kiarusha, na sisi wa uani tukalichukua jina hilo hilo, hata mimi ambaye wazee wangu ni watu wa Pangani.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulisema. Derick akubali chupa kabla mama yake hajarudi kazini. Asipokubali, Naisula aache kazi, maana msimamizi alishamwambia kwamba wanaoitaka nafasi yake wanapanga foleni getini kila asubuhi. Na mvua za masika zikianza, Simel hana mtalii wa kumbebea hata mwavuli. Bila yale mawaridi, jiko la chumba kile lingelala baridi.

Nimtendee haki mama wa watu: sifa zake hazikuwa za uongo. Naisula mwenyewe aliniambia kwamba kwao kondoo akizaa mtoto dhaifu, anapelekwa kwa Resiato. Jirani yake alipofariki akaacha mapacha wachanga, ni yeye aliyewakuza kwa maziwa ya mbuzi, na leo mmoja ni mwalimu. Mtoto mchanga akishindwa kushika ziwa, wanawake wanamtuma mtu amwite. Anatia kidole kinywani, anasugua kaakaa taratibu, na mtoto anaanza kuvuta. Viganja vyake ni vigumu kama soli ya kiatu, lakini nilimwona kwa macho yangu akimbeba Derick, na Derick akilegea mwili mzima kwa raha.

Mpaka aione chupa.

Naisula alikuwa anakamua maziwa chumbani, anayaleta kwenye friji yangu, yanakaa katikati ya juisi za ukwaju ninazouza. Niliwaapia wanangu kwamba atakayegusa kile kichupa nitamning'iniza miguu juu. Koko anayapasha ndani ya bakuli la maji moto, anadondosha tone kwenye mkono wake, anamlaza mjukuu vizuri. Derick anamtabasamia. Halafu anaiona ile chuchu ya mpira inakuja, na anafumba mdomo. Halii. Anafumba tu, kama duka siku ya Idi. Koko anamwimbia nyimbo za Kiarusha, anampaka tone mdomoni, anamzubaisha na ushanga. Mtoto anageuza shingo. Ukilazimisha, hapo ndipo utakisikia kilio, kile cha mtu aliyeonewa na anawaita majirani waje washuhudie.

"Ana kichwa cha baba yake," koko alisema siku ya kwanza. "Tutaona."

Tuliona kweli. Uani kwangu kila mtu ni daktari. Aikaeli, Mmeru anayepanga chumba cha mbele na kuuza ndizi sokoni, alisema mama mtu aondoke kabisa, maana mtoto hawezi kula kwa mgeni huku anamsikia mama yake ukutani. Naisula akawa anatoka, anaenda kukaa barabarani na macho yamemtoka. Haikusaidia. Mimi nikasema tubadilishe chuchu, tutafute laini zaidi. Haikusaidia. Nesi wa kliniki alisema chupa zenyewe hazipendi, tujaribu kikombe na kijiko. Derick alikitema kijiko, maziwa yakamwingia shingoni mpaka kwenye nepi. Penye wengi pana mengi, lakini safari hii hayo mengi hayakuwa na faida.

Alasiri moja koko alinijia barazani kwa haraka, uso umechangamka.

"Mama Najim, nimejua. Chupa inanuka."

"Inanuka nini, koko? Nimeichemsha mwenyewe."

"Inanuka plastiki. Maziwa hayakai kwenye chombo ambacho hakijaona moshi. Kwetu hata ng'ombe akikamwa vizuri, kibuyu kisipofukizwa, mtu hanywi. Maziwa yasiyo na moshi ni maji tu."

Sikumwelewa, na nguo ya mteja ilikuwa mkononi, nikamwitikia ili mradi. Kumbe mwenzangu alikuwa na kijiti cha loirien ndani ya mfuko wake, ule mti wao wa kusafishia vibuyu. Wanachoma ncha mpaka iwe kaa jekundu, wanaisugulia ndani ya kibuyu, maziwa yanapata harufu yake na hayaharibiki. Kwa kibuyu ni sawa kabisa. Nilishtuliwa na harufu mbaya ya plastiki kuungua, nikakimbilia jikoni, nikamkuta ameshika chupa ya Derick. Ilikuwa imenywea upande mmoja, na kijiti kimenasa ndani.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Koko hakucheka. Aliigeuza ile chupa huku na huku.

"Usimwambie Naisula," alisema.

Kicheko kikanikauka. Niliona wakati ule kwamba ni mwanamke mzee aliye mbali na kwake, na kile kitu kimoja anachokijua kuliko watu wote kimemgeuka. Nikaenda dukani kununua chupa nyingine, na Naisula hakuambiwa.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya kwanza Naisula aliondoka kungali giza, amemnyonyesha Derick mpaka amelala na ziwa mdomoni. Kulipokucha mtoto akaamka, akamtafuta. Nilikuwa naye uani siku nzima, sihadithiwi. Alilia kwa koko, akalia kwa Aikaeli, nikamchukua mimi niliyezaa wanne na kuwalea wote, akanilia mimi pia, tena kwa dharau. Tulijaribu chupa amekaa, amelala, amebebwa mgongoni, anaonyeshwa kuku. Mchana sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo kulia na kinachotoka ni mkwaruzo tu. Na ukimletea chuchu mdomo ule ule unafungwa. Maziwa yako hapa, ya mama yake mwenyewe, na mtoto ana njaa, na huwezi kufanya kitu. Sijui kama kuna unyonge unaozidi huo. Mtu mzima unamwomba mtoto mchanga msamaha.

Naisula alirudi akikimbia kutoka barabarani, blauzi imelowa kifuani chote. Hakusalimia mtu. Alikaa pale pale kizingitini, akampa Derick ziwa.

Ikawa ndiyo maisha. Mchana Derick anafunga, usiku anafuturu. Naisula halali, anaenda kazini macho mekundu, amesinzia mpaka akajikata na mkasi wa maua. Kliniki wakasema uzito wa mtoto umesimama, haupandi. Koko akaacha kuzungumzia ndama. Akaacha hata kula vizuri. Ugali nikimpelekea anaumega kidogo, anasema ameshiba.

Jumatano jioni Naisula alituambia, mimi na mama mkwe wake, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema kesho atafua.

"Ijumaa narudisha koti la kazi. Nimechoka, yeyo. Mtoto atanifia."

Yeyo ni mama, ndivyo anavyomwita. Naisula alipoingia ndani, yule mzee akanigeukia.

"Nilikuja kusaidia, nimekuwa mdomo wa kulishwa. Sina jingine, mama Najim. Mikono imeniishia."

Nilimwambia alale, kesho nayo ni siku. Hilo ndilo watu wanasema wakiwa hawana la kusema.

Kesho yake, Alhamisi, Derick alianza kulia mapema. Koko alimzungusha uani, akapita karibu na beseni la nguo chafu za Naisula. Juu kabisa ilikuwa blauzi ya kahawia aliyolalia usiku, imekauka maziwa kifuani, haijaguswa na sabuni. Koko akasimama. Mtoto naye akanyamaza kidogo, akageuza kichwa upande wa beseni. Yule mzee akaiangalia blauzi kwa muda mrefu, akainama, akainusa. Halafu akanipa mtoto, akafungua shuka lake begani, akaanza kujiingiza ndani ya ile blauzi. Ni mpana kuliko Naisula. Mikono ilibana, na vifungo vya chini vilikataa kufika.

"Koko, kulikoni?" nilimuuliza.

Alikuwa anahema. "Ng'ombe akifiwa na ndama, anafunga maziwa. Hatoi tone. Utambembeleza mpaka jua lizame. Basi tunamchuna yule ndama, ngozi tunaikausha, tunamwekea mama yake mbele. Anainusa, anailamba, maziwa yanashuka."

"Na ng'ombe hajui kwamba siye?"

"Anajua. Lakini harufu inamshinda."

Akakaa kwenye kigoda, akamchukua Derick, akamlaza uso ukielekea kwenye ile alama ya maziwa. Derick akavuta pumzi. Akasugua pua pale, akatoa kisauti kile cha watoto wanapokaribia titi, na koko akaipitisha chuchu ya chupa pembeni ya shavu lake, taratibu kama mwizi. Mdomo ukafunguka. Nikaona koo linapanda na kushuka. Nikasikia anameza.

Nililia bila aibu. Koko naye machozi yalimtoka, yakawa yanamdondokea mtoto kwenye nywele, na hakuthubutu kuinua mkono kuyafuta. Chupa ilipokwisha Derick alicheua, akalala. Aikaeli alipiga kigelegele, nikamziba mdomo asije akamwamsha. Siku ile alikunywa tena mchana, na alasiri tukapasha ya mwisho, na sote tukawa tunamngoja Naisula kama wanaongoja matokeo ya mtihani wa mtoto wao.

Alifika akikimbia kama kawaida. Pale mlangoni akasimama, akaona chupa, akaona mtoto anavuta. Uso ukamfunguka. Sikuwa nimemwona Naisula akicheka tangu arudi kazini.

"Ameshika? Yeyo, ameshika?"

"Ameshika," koko alisema, na yeye anacheka.

Naisula akasogea, na ndipo akaiona blauzi. Mimi ningehitaji kuelezwa, lakini yule ni mtoto wa wafugaji kama mama mkwe wake, mambo hayo alizaliwa nayo. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alisimama mbele yetu, kifua kimelowa, mikono imening'inia.

"Yeyo," alisema, "ngozi inachunwa kwa aliyekufa."

Akajishika kifua.

"Mimi sijafa."

Koko akashtuka kama mtu aliyeshikwa na kitu cha watu. Akaanza kujivua blauzi kwa mkono mmoja, upesi upesi, begani ikakwama, Derick akaiachia chuchu na kuanza kulia. Yule mzee akawa hajui ashike nini, mtoto, chupa au nguo. Alikuwa anasema Kiarusha, maneno mengi, sikuyaelewa, ila nilielewa kwamba anaomba.

"Acha," Naisula alisema. "Acha amalize."

Akakaa kizingitini akitugeuzia mgongo, akafungua blauzi yake, akawa anakamua maziwa yanamwagika kwenye saruji, kwa sababu matiti yalikuwa yamejaa yanauma na mwenye maziwa anakula kwingine. Tulimsikia Derick akimaliza chupa yake, kitoto kile, hakina habari na mtu. Nilichukua dekio nikasubiri aondoke nipafute.

Usiku nilijisemea kwamba ataacha tu kazi, na sitamlaumu. Alfajiri nilikuwa bombani najaza ndoo, taa ya chumba chao inawaka na mlango uko wazi. Naisula alikuwa ameshavaa koti la shamba. Mkononi alikuwa na blauzi nyingine, ile aliyolalia usiku huo. Koko amekaa kitandani, ameinamisha kichwa, hataki kuipokea.

"Nyoosha mkono, yeyo," Naisula alimwambia.

Akamvalisha mwenyewe. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akaivuta mgongoni ikae sawa, akafunga vile vifungo vilivyokubali kufika. Akamchukua Derick kutoka kwenye godoro, akamlaza juu ya kifua kile na kumgeuza uso, pua ikae pale penyewe.

Kisha akachukua mfuko wake akaenda kazini.