Daftari la Dawa za Angelina

Bodaboda iliyonitoa stesheni ya Gulwe ilinishusha Mpwapwa nikiwa mwekundu kwa vumbi, mbele ya nyumba nisiyoijua. Mwanamke akanipa maji ya kunawa, na kabla mikono haijakauka, karatasi mbili za Kijerumani.

"Soma kama zilivyo," alisema. "Usizitie sukari."

Huyo alikuwa Generosa, afisa mifugo. Rafiki yangu muuguzi wa Dodoma alimwambia yupo mtu anayejua lugha nyingi na hana kazi ya maana. Binti wa Generosa, Angelina, miaka tisa, ana kifafa, na dawa tatu zimeshindwa kumtuliza. Karatasi zilieleza ni mgonjwa gani huko Ujerumani anaruhusiwa kupewa dawa itokanayo na bangi. Nikamfasiria: ugonjwa uwe mzito, tiba za kawaida ziwe hazipo au hazifai, na kuwe na tumaini la kweli la nafuu.

Hapa kwetu bangi ni kosa, na Generosa hakuwa anaitafuta. Daktari wa Dodoma alikubali kuwaandikia wanaosimamia dawa nchini, akitumia karatasi hizo kama mfano, aulize kama dawa ya kiwandani ya aina hiyo inaweza kuruhusiwa kwa mtoto mmoja. Sharti lake lilikuwa moja: aone kila kitu Angelina alichowahi kunywa. Jibu lingeweza kuwa hapana. Generosa alitaka hata hiyo hapana iwe na sahihi.

Kumbukumbu alikuwa nazo daftarini, zimeandikwa kama anavyoandika za ng'ombe: tarehe, dawa, kipimo, matokeo, aliyetoa. Miaka minne bila kuruka. Mwezi Machi palikuwa na mstari, nikausoma kwa sauti: "Chai ya bangi, nusu kikombe. Alilala hadi jioni, akatapika, kesho yake akaanguka mara mbili." Mahali pa aliyetoa paliachwa wazi.

Mama mkwe wake, Anna, aliyekuwa akipepeta mtama, aliacha. Mimi nikasema kwamba ukurasa mmoja hupotea kirahisi. Ukibaki, unaweza kuwaletea polisi, na barua ikafia hapo hapo.

Generosa hakupandisha sauti. "Mfugaji akimpa ng'ombe dawa ya kienyeji akanificha, nikija na sindano yangu naweza kumuua. Miaka ishirini nawagombeza watu kwa hilo. Leo nifiche kwa mwanangu?"

Anna akauliza kama jina lake limo.

"Halimo, mama. Nilikuchelea."

"Tangu lini wewe unamchelea mtu? Lete kalamu."

Generosa akamkumbusha kwamba wanaweza kumwita, wakamhoji. Anna akasema kama ni kuhojiwa, atawaambia alimwona mjukuu wake akijigonga sakafuni akakosa la kufanya, nao wamwambie wangefanya nini. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa: ANNA, BIBI YAKE.

Asubuhi mimi na Anna tuliwasindikiza mama na mtoto hadi kwenye basi la Dodoma. Anna alikuwa akimsimanga Generosa kwa kumvalisha mtoto sweta jepesi. Generosa alipanda na binti yake, daftari akiwa amelikumbatia kifuani, akakaa bila kugeuka.

Basi lilipokata kona, Anna aliniuliza naondoka lini.

Nikamwambia nitabaki mpaka warudi.