Nywele za Binti Radi

Gereji nzima walimwita Msasa, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi rangi wa magari, na gari likiingia na mkwaruzo mdogo tu, atalisugua siku mbili mpaka mwenye gari aone haya kulipanda. Wenzake wakimtania, "Wewe Msasa, hilo gari unaliposa?" anacheka, anaendelea kusugua.

Nyumbani alikuwa na wazimu mwingine. Sebuleni, ndani ya kabati la vioo, alipanga visanamu vya mashujaa wa katuni, wale wale wa vitabu alivyosoma utotoni hadi majalada yakang'oka. Visanamu vya plastiki, urefu wa kiganja, mikono na magoti yanakunjika. Thelathini na kimoja! Vingi alivipata vibovu, hiki hakina mguu, kile uso umechujuka, akavifufua kwa puti, ile ya kuzibia mikwaruzo ya magari, na brashi nyembamba. Mtu mzima na ndevu zake. Mkewe alisema mpaka akachoka.

Aliyemwelewa ni binti yao wa pekee, mtoto wa miaka tisa. Jioni wanakaa chini wawili hao, wanabishana nani angempiga nani. Kipenzi cha mtoto kilikuwa Binti Radi, mwanamke mwenye upanga wa umeme na nywele nyeusi za nyuzi mpaka kiunoni. Mtoto alipolazwa hospitali kwa ugonjwa wa damu, aliomba kisanamu hicho tu, na baba yake akakitoa kabatini kwa mkono wake mwenyewe. Kwa anayemjua Msasa, hilo halikuwa jambo dogo.

Dawa zile zilikuwa kali, usiombe. Mwezi wa pili mtoto hakuwa na unywele hata mmoja, na nyusi nazo zikaenda. Siku moja Msasa akafika wodini, akamkuta mtoto amelala usingizi na kisanamu kiko pembeni ya mto. Akakiokota, akakitazama. Nywele zote zimekatwa kwa mkasi. Kichwa kimepakwa rangi ya kucha ya kahawia. Usoni kuna mistari ya kalamu ya wino, na lile vazi la kishujaa lote limepakwa bluu iliyofifia.

Hakuuliza. Hapo ndipo alipokosea, jamani, na kosa lenyewe ni la fundi hasa: akiona rangi iliyoharibika, mkono unamwasha. Alidhani mtoto amekiharibu kwa hasira za ugonjwa, na akipona atajuta. Nitamfurahisha mwanangu, akasema moyoni. Akakitia mfukoni, wala hakumwambia mkewe, ambaye alikuwa ametoka kufuata dawa. Mtoto alipokiulizia kesho yake, aliambiwa atulie, baba anamwandalia jambo.

Siku nne mfululizo, saa ya chakula wenzake wanakula, yeye yuko kwenye meza yake ya kazi. Alikifuta kwa tina ya kuyeyushia rangi mpaka plastiki ikabaki tupu. Akajenga nywele kwa puti, unywele kwa unywele, akazipaka nyeusi, akazing'arisha. Hata kiwandani hakikutoka vile. Bosi wa gereji alikuja mwenyewe kukitazama, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

Mtoto alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akainua shuka, akatazama chini yake, kisha akamtazama baba.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Si ndiye huyo, mama? Nimemtengeneza. Hebu ona nywele!"

"Huyu ana nywele." Akajipapasa kichwa. "Yule alikuwa mimi. Nilimvalisha gauni la hapa."

Msasa akatazama gauni la hospitali alilovaa mwanawe, bluu iliyofifia kwa kufuliwa, na hapo akaelewa. Alitamani sakafu immeze. Mtoto hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alikirudisha tu mkononi mwa baba yake, akageukia ukutani.

"Nitamrudisha, mama, naapa. Kesho kutwa utakuwa naye."

"Haya," mtoto akasema, kwa sauti ya kumstahi mkubwa asiaibike.

Kesho kutwa ilifika, yeye hakuifikia. Homa ilipanda kesho yake asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakwenda.

Watu walizika, wakalia, wakatawanyika. Wiki ya tatu mke alirudi kutoka sokoni akamkuta Msasa mezani, kisanamu kiko mbele yake. Alikuwa amezibandua zile nywele zote. Kichwa amekipaka kahawia, gauni amelipaka bluu ile ile, barabara. Uso wa kisanamu ulikuwa mtupu. Brashi anayo mkononi, lakini mkono hautembei. Mtu huyu angekueleza kila kisanamu cha kabati lile akiwa amefumba macho, kovu la huyu, kifungo cha yule. Uso uliochorwa na mwanawe aliutazama mara moja tu, akaona uharibifu, akaufuta.

"Mke wangu," akasema bila kuinua kichwa, "ile mistari ya usoni. Alikuwa amechora nini?"

Mkewe aliweka kikapu chini. Akasogea mezani, akakitazama kisanamu.

"Alimchora anacheka," akasema. "Anacheka, meno yote nje. Wewe hukuona?"